Tusimdai Profesa Kadi: Somo la Douglas Kmiec kwa Vijana wa Upinzani



Wiki iliyopita kwenye grupu letu la vijana wa kata liliibuka bishano ambalo halikuisha mpaka saa nane za usiku. Swali lilikuwa moja: mtu wa upande wa pili akisema hadharani kwamba safari hii kura yake inakuja kwetu, lakini chama chake hahami na imani yake habadili, tumpokee au tumtimue? Wengi mkasema tumtimue. "Mguu mmoja ndani mmoja nje ni mamluki." "Akitaka kutuunga mkono arudishe kadi jukwaani, avae gwanda, tumuone." Nilipopinga nikaitwa majina ambayo siyarudii hapa, maana mama yangu naye husoma ukurasa huu.

Nikaahidi kujibu kwa maandishi. Jibu langu linaanzia mbali, Marekani mwaka 2008, kwa sababu huko kuna kesi iliyokwisha. Tunajua ilianzaje, ilimgharimu nini mhusika na mwisho wake ulikuwaje. Kesi zetu wenyewe bado zina moto, kila mtu ana mjomba wa kumtetea. Tukae kwanza kwenye kesi ya watu wengine, halafu turudi nyumbani.

Mwaka ule nilikuwa mdogo, darasa la sita. Ninachokumbuka ni kelele: Obama, Obama, Obama. Redioni, kwenye daladala, kwenye khanga. Kenya walitangaza mapumziko ya kitaifa tarehe 6 Novemba kwa sababu baba yake alitoka kwao. Sisi tulishangilia damu. Hakuna aliyetuambia habari za Douglas Kmiec, na yeye ndiye mwenye somo letu leo.

Kmiec ni profesa wa sheria ya katiba, na ndani ya kambi ya Republican hakuwa mpita njia. Miaka ya 1980 alifanya kazi Wizara ya Sheria chini ya Rais Ronald Reagan, akapanda mpaka kuongoza Ofisi ya Ushauri wa Sheria, ile ofisi inayomwambia rais: hili katiba inakuruhusu, hili haikuruhusu. Baadaye akawa mkuu wa kitivo cha sheria kwenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Marekani kule Washington, kisha akaenda kufundisha Pepperdine, California. Mkatoliki wa ndani kabisa. Anapinga utoaji mimba na aliipinga hukumu ya Roe ya mwaka 1973 iliyoufanya kuwa haki ya kikatiba. Kwenye kura za maoni za 2008 alikuwa mmoja wa waliosimamia kamati ya sheria ya Mitt Romney. Kwa lugha yetu, huyu jamaa alikuwa kijani mpaka soksi.

Romney akajitoa Februari. Njia ya kawaida ilikuwa wazi: nenda kwa John McCain, kaa kimya, subiri. Tarehe 23 Machi 2008, Jumapili ya Pasaka, Kmiec akachapisha makala kwenye jarida la mtandaoni la Slate akisema anamuunga mkono Barack Obama. Obama, ambaye kwenye suala la mimba alikuwa upande wa pili kabisa wa mto.

Hakujifanya kwamba mto haupo. Alikiri wanatofautiana, na kwamba tofauti yenyewe si ndogo. Hoja yake ilikuwa kwamba anamwona Obama ni mtu mwadilifu, mwenye akili na nia njema, anayeheshimu watu wa dini bila kuwaigiza. Aliona vita vya Iraq vimeiumiza nchi. Aliona pia kuwa mafundisho ya Kanisa juu ya maskini, wagonjwa na wahamiaji nayo ni mafundisho, hayafutwi na jambo moja hata kama jambo hilo ni zito. Na juu ya hilo zito lenyewe akatoa hoja ya kikazi: miaka mingi tumepigania kubadili hukumu ya mahakama, je, mama maskini akipata matibabu na msaada wa kulea, mimba ngapi zitaokolewa leo bila kusubiri jaji? Baadaye mwaka huohuo akaandika kitabu kizima akijibu swali la kama Mkatoliki anaweza kumpigia Obama kura.

Sasa nijibu hoja zenu moja baada ya nyingine.

Ya kwanza: "Huyo alikuwa anatafuta ulaji." Makamanda, tunaujua ulaji unavyotafutwa. Nchini kwetu tumeona wabunge na madiwani wakiondoka kambi yetu mmoja mmoja "kuunga mkono juhudi". Tabia yao ilikuwa ileile: anatoka kwenye njaa anakwenda kwenye shibe, anatoka kwa anayepigwa anakwenda kwa mwenye rungu. Angalieni tarehe za Kmiec. Machi 2008 Ikulu ilikuwa mikononi mwa chama chake. Obama hakuwa hata mgombea rasmi, alikuwa bado anapambana na Hillary Clinton, na vita ile iliendelea mpaka Juni. Chawa hahamii kichwa ambacho bado hajui kama kitapata kofia.

Na gharama aliilipa. Muda mfupi baada ya tangazo lake, Kmiec alialikwa kuzungumza kwenye mkusanyiko wa wafanyabiashara Wakatoliki huko California. Kabla ya chakula palikuwa na Misa. Padre akamsema kwenye mahubiri kwa sababu ya Obama, na ulipofika wakati wa Komunyo, profesa alipopanga foleni na wenzake, akanyimwa. Mbele ya watu. Kwa asiye Mkatoliki hili linaweza kuonekana dogo. Kwa Mkatoliki wa aina yake, ni kufukuzwa kwenye meza ya baba yako huku ndugu zako wanaangalia. Nioneshe mwindaji cheo mmoja anayekubali hilo halafu anaendelea kusema lilelile kesho yake.

Nitakuwa mkweli ili msije mkanibananisha kwenye maoni: ndiyo, baadaye alipata cheo. Obama alimteua kuwa balozi Malta mwaka 2009. Lakini mwaka 2011 wakaguzi wa Wizara ya Mambo ya Nje waliandika kwamba anatumia muda mwingi mno kuandika na kuzungumza habari za imani badala ya kazi za ubalozi, naye akajiuzulu. Yaani serikali aliyoisaidia kuingia ndiyo iliyomlalamikia kwa kuwa mtu yuleyule aliyekuwa kabla ya kuisaidia. Kama alikuwa anajiuza, basi ni bidhaa ya ajabu iliyokataa kubadilika hata baada ya kununuliwa.

Hoja yenu ya pili ndiyo nzito: "Hakubadilika. Alibaki Republican, alibaki na msimamo wake wa mimba. Mtu kama huyo ana faida gani?" Faida yake yote iko hapohapo. Fikirieni Kmiec angepanda jukwaani akarudisha kadi, akavaa fulana ya Obama, akatangaza kwamba mimba nazo sasa anaona sawa. Nani angemsikiliza? Wafuasi wa Obama wangepiga makofi, lakini wale walikuwa na Obama tayari. Wakatoliki wenzake wangesema ametekwa, kwisha habari. Alikuwa na thamani kwa sababu Mkatoliki wa kawaida pale Ohio au Pennsylvania aliweza kusema: huyu anaamini ninachoamini, anasali ninaposali, na bado kaona njia. Ukimvua kila kinachomfanya awe wa kwao, unabakiza mtu mmoja zaidi wa kwenu. Kura moja. Na kura moja mngeipata hata kwa kumpa mtu soda.

Upande wa Obama walilielewa hilo. Hawakumwambia profesa ale kiapo. Ilani ya Democratic ya mwaka ule iliendelea kuitetea hukumu ya Roe waziwazi, hawakuuza msimamo wao. Lakini iliweka pia maneno ya kumuunga mkono mwanamke anayeamua kuzaa: huduma kabla na baada ya kujifungua, msaada wa malezi. Kila upande ulibaki na lake, na palipopatikana sehemu ya kukanyaga pamoja wakapakanyaga.

Matokeo je? Mwaka 2004 Democratic walimsimamisha John Kerry, Mkatoliki wa kubatizwa, na Wakatoliki wakampa asilimia 47 kwa mujibu wa mahojiano ya wapiga kura walipotoka vituoni. Mwaka 2008 Obama, ambaye si Mkatoliki, akapata 54. Sitawadanganya kwamba Kmiec ndiye aliyeileta tofauti hiyo. Benki ya Lehman Brothers ilianguka Septemba 15, watu wakapoteza nyumba na kazi, na chama kilichokuwa madarakani kikabeba lawama. Profesa mmoja hahamishi mamilioni. Ninachosema ni kwamba milioni hizo zilipoanza kutafuta mlango, mlango ulikuwapo. Mtu alikuwa ameshatangulia kuwaambia: unaweza kupita hapa na bado ukabaki Mkatoliki.

Wala hakuwa peke yake. Charles Fried, profesa wa Harvard aliyekuwa wakili mkuu wa serikali ya Reagan mbele ya Mahakama ya Juu, alikuwa kwenye kamati za ushauri za McCain mwenyewe. Oktoba 2008 aliomba jina lake liondolewe, akaeleza kwamba amempigia Obama kura, na sababu mojawapo aliyoitaja wazi ni McCain kumchagua Sarah Palin kuwa mgombea mwenza. Naye hakusema amekuwa Democratic. Alisema nchi haichezewi hivyo.

Hapa nitawashtua wale wanaonishangilia mpaka sasa. Kuna upande wa pili wa somo hili, nao unauma.

Sogeeni mpaka 2024. Yupo jaji mstaafu anaitwa J. Michael Luttig. Alifanya kazi Ikulu ya Reagan, akaongoza Ofisi ya Ushauri wa Sheria, ndiyo, ileile ya Kmiec, kisha Rais George H. W. Bush akamteua jaji wa mahakama ya rufaa ya shirikisho. Mhafidhina ambaye wahafidhina wengine walimtumia kama rula. Tarehe 5 Januari 2021, watu wa Makamu wa Rais Mike Pence walimtafuta awasaidie kisheria: je, Pence anaweza kuzikataa kura za wajumbe ili Trump abaki? Luttig akajibu hadharani kwamba katiba haimpi mamlaka hayo, na siku iliyofuata Pence akalitumia jina lake kwenye barua ya kueleza kwa nini hatazikataa. Aliyeandika mpango wa kuzikataa, John Eastman, aliwahi kuwa kijana wa Luttig ofisini, mwanasheria chipukizi anayemsaidia jaji kazi. Mwalimu alisimama dhidi ya mwanafunzi wake.

Agosti 2024 Luttig akatangaza kwamba atampigia kura Kamala Harris. Hakukwepa: alisema anachukulia kuwa sera zake na za Harris ziko mbalimbali sana, lakini safari hii anapiga kura kwa ajili ya demokrasia, katiba na utawala wa sheria tu. Kimaadili, hatua ileile ya Kmiec, pengine nzito zaidi. Na Harris akashindwa, kura za wajumbe 226 kwa 312. Wakatoliki wengi wakaenda kwa Trump.

Kwa nini? Sikilizeni, hapa ndipo penye kazi yetu. Kampeni ya Harris iliwachukua watu kama hao ikawapandisha jukwaani. Oktoba 3 Harris alisimama na Liz Cheney mjini Ripon, Wisconsin, mji unaojulikana kuwa ndipo Republican ilipozaliwa. Picha nzuri. Makofi. Wisconsin ikapotea. Waliosema demokrasia ndiyo inayowakosesha usingizi walikuwa wa Harris tayari. Waliosema ni bei ya mayai na kodi ya nyumba walikwenda kwa Trump, na saini ya jaji haipunguzi bei ya mayai. Kmiec alijibu swali ambalo Mkatoliki alikuwa analo moyoni. Luttig alijibu swali kubwa zaidi na la kweli zaidi, lakini mwenye nyumba iliyopanda kodi hakuwa ameliuliza, na kampeni haikujisumbua kulishusha mpaka mlangoni kwake. Ilitosheka kuonesha kwamba jina kubwa limekuja.

Makamanda, hata sisi ugonjwa huo tunao. Tunapenda jina, tunapenda tukio. Julai 2015 tulimpokea marehemu mzee Lowassa kwa vifijo, waziri mkuu mzima, na uwanja ukajaa. Machi 2019 akarudi alikotoka. Siingii kwenye nani alimkosea nani, naye ametangulia mbele ya haki. Nauliza kitu kimoja tu: katika miaka ile minne, ni hoja gani ya watu wa kule tuliyojifunza kutoka kwake, tukaweza kuisema nyumba kwa nyumba bila yeye kuwepo? Tulipokea mtu na msafara wake. Msafara ulipoondoka, tukabaki tunahesabu nyayo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na mnipige mawe mkitaka. Mtu wa upande wa pili akija na jambo moja tunalokubaliana, tusimdai kadi na tusimgeuze sanamu ya jukwaani. Tumdai hoja yake. Tukae chini tumuulize: mwalimu, mzee, profesa, ni nini kilichokufanya uvuke? Wenzako wanaogopa nini kwetu? Wanasema nini wakiwa peke yao? Halafu tuichukue hoja hiyo kwa miguu yetu mpaka kwa jirani yake.

Naandika kwa uchungu kwa sababu nimeshalikosa hili kwa mdomo wangu mwenyewe. Miaka michache nyuma tulikuwa tunamnadi mgombea wetu wa uenyekiti wa mtaa. Kwenye mkutano wa ndani akaja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mwanachama wa chama tawala tangu kabla sijazaliwa. Akasimama, akavua kofia, akasema: "Wanangu, kadi yangu mimi sirudishi, nimezeeka nayo. Ila huyu kijana wenu ndiye peke yake aliyesimama kwenye mkutano wa mtaa akadai mapato na matumizi yasomwe. Kura yangu ni yake."

Vijana wakaanza: "Rudisha kadi! Rudisha kadi!" Mmoja akarusha gwanda, aliyekaa mbele akalidaka, likapita juu juu mpaka kwa mzee. Ukumbi ukacheka. Nami nilipiga kelele, tena nilikuwa na sauti kubwa. Mzee akalikunja lile gwanda vizuri, akaliweka kwenye kiti, akavaa kofia yake, akatoka.

Tulishindwa uchaguzi ule. Sitasema ni kwa sababu yake, mambo yalikuwa mengi. Lakini baada ya bishano letu la wiki iliyopita nilikwenda kwake. Nikamwamkia, shikamoo mwalimu, akaitika, akanipa kigoda. Nikamuomba radhi. Akasema yamekwisha, hayo ya vijana anayajua, kafundisha miaka thelathini. Kisha akaniuliza swali moja: "Na yale mapato na matumizi, mlishawahi kuyadai tena?"

Nikanyamaza. Hatukuwahi. Uchaguzi ulipopita tuliliacha suala lenyewe, lile moja tu lililomtoa mzee wa watu kwenye chama cha maisha yake mpaka kwenye ukumbi wetu. Tulikuwa tunalilia kadi yake, kumbe hoja aliyotuletea tuliiacha pale pale kwenye kiti pamoja na gwanda.

Mkutano wa mtaa wetu ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tatu asubuhi. Nitasimama kudai hesabu zisomwe. Mwalimu amesema atakuja, na kofia yake na kadi yake mfukoni. Yeyote atakayemzomea atazomewa na mimi.

Mapambano yanaendelea.